Kata Haina Ulimi

Zdislava wa chumba mia mbili na kumi na nne
alileta kompyuta imeviringwa ndani ya sweta,
kama mtu anayempeleka paka kwa daktari.
Imekunywa chai, akasema. Chai yenye asali.
Akaandika nenosiri nyuma ya tiketi ya tramu,
akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia.

Nakijua kile kidogo.
Wote huishikilia.

Miaka kumi na tisa chini ya ngazi hizi, hapa Olomouc,
theluji ikiingia na viatu vya wateja,
nimeng'oa kwenye feni za wanafunzi
nywele, makombo, ukucha uliopakwa rangi ya kijani.
Hayo hayaniambii kitu. Vumbi ni la wote.
Ila ukishaiwasha, mashine hukukaribisha kama mwenyewe.
Haiulizi hodi ni ya nani.

Saa nane akaja Bi Drahomira, msimamizi wa bweni,
na keki ya mbegu za mpopi chini ya kitambaa.
Shingoni ana ule ufunguo mmoja wa milango yote:
huingia kukagua mabomba,
hutoka anajua nani anakunywa, nani analia,
shuka la nani lina harufu ya mtu wa pili.
"Mashine ya yule binti unayo wewe, Vlastimil.
Mle chumbani kuna mtu analala bila kulipa.
Angalia picha tu.
Kutazama si kuiba."

Kutazama si kuiba.
Nami niliwahi kusema hivyo, peke yangu, kwa sauti ya chini,
mwaka ule wa kijana Ctibor.

Diski yake ilikuwa inakata roho.
Nilitakiwa kuhamisha mafaili, basi.
Nikafungua moja, nijue kama limevuka salama.
La pili sikuwa na sababu.
Ilikuwa barua kwa baba yake, gerezani,
imeanzwa mara saba, haijatumwa hata mara moja:
*Baba, hapa nimewaambia unafanya kazi melini.*

Alipokuja kuichukua nilimwonea huruma.
Hilo ndilo kosa, huruma.
Nikamshika bega, nikamwambia,
"Jikaze. Miaka minne si mingi."

Hakupiga kelele.
Alinitazama kama mtu anayeoga
akagundua dirisha halina pazia.
Akahesabu sarafu, moja, moja, hadi ya mwisho,
mezani, si mkononi mwangu.
Mwezi ule akahama bweni. Alikoelekea sikuuliza;
nilikwisha kumjua kupita haki yangu.

Nikamrudishia Bi Drahomira sahani, keki ikiwa nzima.
"Kwani una la kuficha?" akauliza.
Ninalo, nikasema. Nawe unalo.
Akafunika keki yake taratibu,
akapanda ngazi, ufunguo ukigonga vifungo vya koti.

Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema.
Sawa. Lakini kata hulala mtungini usiku kucha,
na asubuhi hutoka na maji tu.

Kibodi niliisafisha kwa spiriti na pamba,
kitufe kwa kitufe, mpaka taa za barabarani zikawaka.
Ile tiketi sikuigeuza.
Nilijaribu herufi pale pale mlangoni,
kwenye kile kisanduku cha nenosiri:
a, b, c, mpaka z, kisha tarakimu.
Mashine ikanikataa.
Nikarudia. Ikanikataa tena.
Sijawahi kufurahia hivyo kufungiwa nje.

Ijumaa akaja, pua nyekundu kwa baridi.
Nikampa mashine, na tiketi yake ikiwa imekunjwa vile vile,
na komeo dogo la mlango, la kufungia kwa ndani,
ambalo sikuliandika kwenye risiti.
Akaligeuza komeo, akaelewa, au hakuelewa.
Kisha, bila kuniangalia:
"Kuna chochote ulichoona?"

Asali, nikasema.
Chini ya herufi M.