Mshono wa Buluu

Mimi ni fundi wa sare za skuli, hapa Wete,
chumba cha mbele, mkabala na kinyozi.
Sketi za buluu, mashati meupe, kanzu Idi ikikaribia.
Tanga sikuwahi kulishona hata siku moja
mpaka Mwalimu Time Mattar alipoingia ubavuubavu
amelibeba begani kama maiti ya mtu mrefu.
"Fundi, limechanika. Na mbio ni mwezi ujao."

Yoti yenyewe tulikuwa tukiijua.
Mzungu mmoja aliitupa Mkoani, na deni la chai juu yake;
kuku wakataga ndani miaka sita.
Hamadi Chumu, mchomeleaji wa mageti, akaiunga mlingoti.
Shaame, karani wa mizani ya karafuu, akakwangua kinyesi.
Jina wakaliandika kwa rangi iliyobaki ya duka la mkaa:
POTELEA MBALI.

Uzi mweupe uliniishia saa nne usiku.
Nikatia wa buluu, wa sketi.
Na pale mwanangu alipolia kwa homa
mguu uliniteleza kwenye pedali,
mshono ukapinda kama mkia wa mjusi.
Nikataka kufumua. Time akasema:
"Uache. Upepo hausomi mwandiko."

Wakasafirishwa Ushelisheli, sitahani pa meli ya vitunguu.
Kwenye daftari la mashindano nchi zilikuwa kumi na nne;
yetu ya kumi na tano, imeongezwa kwa kalamu ya risasi.
Mtangazaji akaita "Zazibari,"
akacheka, akaomba radhi, akakosea tena.

Sisi huku tulijazana kwa kinyozi,
watu ishirini na saba na simu moja.
Kila yoti ni nukta tu kwenye kioo, kila nchi na rangi yake,
yetu ya kijivu, rangi nyengine zilikwisha.
Nukta ya mwisho. Bado ya mwisho. Ya kumi na tatu.
"Wenzao wana kompyuta," kasema kinyozi, wembe hewani,
na mteja wake nusu ndevu, nusu kidevu.

Kisha upepo ukawageukia usoni.
Wenzao wote wakashika bahari kuu.
Nukta yetu ikaelekea mawe ya pwani.
"Wanarudi nyumbani hao," mtu akasema,
wala hakuna aliyecheka.

Mimi nilinyamaza.
Siku zile maji yalikuwa mafu, na mwalimu wa fizikia
hahitaji kompyuta kujua mkondo umelala wapi.
Akabisha.
Na kubisha sisi Wapemba tumezaliwa nako:
tunabisha bei, tunabisha mwezi umeandama haukuandama,
hodi twabisha hata mlango ukiwa wazi.
Akabisha kushoto, akabisha kulia,
kila bisho nukta moja yabaki nyuma,
wa tisa, wa sita, wa nne —

umeme ukakatika.

Mnara wa simu nao ukazima.
Dakika arubaini na moja.
Mama yake Hamadi alivuta tasbihi mara tatu,
mara tatu hesabu ikampotea.
Kinyozi alimaliza ndevu kwa kukisia.

Mtandao uliporudi nukta zimeshafutwa.
Imebaki orodha, na juu kabisa, kwa herufi kubwa,
jina ambalo mtu mwenye akili zake
asingelipa chombo.
Sikumbuki nani alipiga ukelele wa kwanza.
Namkumbuka yule mteja, kitambaa cha kinyozi shingoni,
akikimbia mpaka Limbani.

Kikombe kilipofika bandarini
afisa wa forodha alikigeuzageuza, akataka risiti.
"Bidhaa hii ina thamani gani?"
Shaame akamjibu: "Kipime, weye."

Picha nimeibandika ukutani, juu ya cherehani.
Watu hutazama kikombe, meno ya Hamadi,
ushungi wa Time uliokauka chumvi.
Mimi macho yangu hupanda juu, upande wa kulia,
kwenye mstari mwembamba wa buluu
unaokwenda sawa, sawa, halafu unapinda.
Pale ndipo alipolia.

Jana mama mmoja kanirejeshea sketi:
"Fundi, pindo limekwenda kombo."
Nikamwonesha ukutani.
Katazama sana. Kalipa, kenda zake.