Kanuni Tano za Miguu-Minne

Mimi ni karani. Madiwani husema, mimi huandika,
na kinachobaki ubaoni, nje ya posta ya Ghuba ya Hennock,
ni mkono wangu, si sauti zao.

Wasemao sheria ni msumeno hawajauona wa kwetu:
meno yameng'oka, mpini umefungwa utepe,
na kila jino lina mwenyewe.

Kanuni ya kwanza. Mbele ya nyumba za watu,
mwendo usizidi kilomita ishirini.
Hiyo ni ya Ambrose Snook, aliyeteremka mlima
na shehena ya magogo ya msonobari,
akaing'oa kamba ya nguo ya Philomena Dollimount,
mashuka manne na soksi zisizo na idadi,
akatokea gatini amevikwa kama bwana harusi.
Tulicheka wiki nzima.
Kisha tukaandika.

Ya pili. Ni marufuku kukatisha makaburini.
Vijana walisema ndiyo njia fupi.
Mchungaji akasema, kweli, ndiyo fupi kuliko zote.

Ya tatu. Kinamasi kisikanyagwe.
Kinamasi hakisamehi.
Magurudumu ya marehemu baba, mwaka wa themanini na tatu,
yangali pale: mifereji miwili,
maji meusi yametuama ndani, mbingu imelala juu yake.
Agosti, nikienda kuchuma yale matunda ya rangi ya kaharabu,
ninairuka
kama ninavyoliruka neno nisilotaka kulitamka.

Ya nne. Helmeti, kwa dereva na kwa abiria, hata hatua kumi.
Hapa madiwani waliitazama meza.
Hubert Vatcher, anayebishia hata bei ya stempu,
alinyoosha mkono, akaushusha.
Haikujadiliwa.
Niliiandika kwa wino uleule, kwa herufi za kimo kilekile.
Asubuhi nilikuta helmeti mpya kizingitini,
ndogo, nyekundu,
saizi ya mtoto niliyebaki naye.

Ya tano ilitumaliza mpaka chai ikapoa.
Baada ya saa nne usiku, injini zinyamaze.
Isipokuwa mwenye kuni, akasema mmoja.
Isipokuwa mwindaji aliyechelewa na nyama, akasema wa pili.
Isipokuwa shemeji yangu, akasema wa tatu, mnamjua alivyo.
Nikauliza: niandike kanuni, au niandike isipokuwa?
Tukapiga kura. Zinyamaze. Basi.
Faini dola hamsini.

Ikaja Februari.
Theluji ilizika barabara, ikazika na nguzo za alama.
Saa nane usiku nilisikia injini ikija kwa kasi ya kichaa,
nikasimama dirishani na kalamu, ndiyo, na kalamu,
kwani ukarani ni ugonjwa.
Taa moja. Ikapinda makaburini,
ikapita baina ya mawe bila kugusa hata moja.
Ambrose yuleyule, kichwa wazi, barafu nyusini,
na mgongoni kwake Philomena,
aliyefungwa kwa kamba ya nguo asidondoke,
moyo ukimpiga kombo.
Helmeti ilikuwa moja. Alikuwa ameivaa yeye.

Kanuni nne kati ya tano, kabla ya kufika zahanati.
Ya kinamasi tu ilisalimika,
kwa kuwa kilikuwa kimelala chini ya mita moja na nusu ya theluji.

Jumatatu niliandika hati. Dola mia mbili.
Chini yake nikaandika: imelipwa.
Mkono wangu. Madiwani hawakuuliza nani alilipa,
nami sikuwa na risiti ya kuwaonyesha.

Sasa barafu imeyeyuka, njia ya reli ya zamani imekauka,
na injini zimeanza kukohoa uani.
Jana nilikwenda kubadilisha karatasi ubaoni,
chumvi ya bahari ilikuwa imeila pembeni.
Chini ya kanuni ya kwanza mtu ameongeza kwa penseli,
kwa mwandiko wa mgonjwa anayepata nafuu:
Soksi zangu bado hazijarudi. P.D.

Nimeinakili pamoja na nyingine.