Kwa Lusweti, Aliyenunua Boti Yangu

Pesa nimepokea, nimezihesabu mara mbili,
nusu imeshalipa karo ya Wairuri kule Nakuru mjini.
Sasa naweza kukwambia ukweli.

Boti inavuja.
Si sana. Chini ya ubao wa kukalia wa katikati,
upande wa kushoto, pana ufa wa urefu wa kidole.
Niliuziba mwenyewe kwa faiba na gundi
mwaka ule ziwa la Naivasha lilipopanda likaingia Kihoto
bila kubisha hodi.
Kiraka kimeshika, ila hakipendi jua.
Ukiipindua ufukweni, ifunike magunia.
Kila miezi mitatu piga msasa, pakaza upya,
ngoja ikauke siku mbili. Mbili, Lusweti.
Wewe ni mtu wa haraka, nimekuona ukila.

Injini huamka na kisirani.
Usiivute kamba kwa hasira;
toa plagi, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe,
kisha vuta kama mtu anayeomba.
Petroli ichuje, hata ukiuziwa na ndugu yako.
Na gugumaji likijiviringisha kwenye propela,
zima kwanza, ndipo uingize mkono.
Fundi Olwande ana vidole saba
na hajawahi kueleza vizuri vile vitatu vilikwenda wapi.

Kuhusu huyo samaki unayemtaka:
anaitwa basi, lakini mwenyewe hajui kusema basi.
Atavuta mpaka mshipi ulie.
Usimtafute katikati ya ziwa, huko utavua upepo.
Yuko kwenye migunga iliyokufia majini,
pale palipokuwa malisho kabla ziwa halijarudi kudai chake,
amejibanza nyuma ya gogo
kama mtu anayemwona mwenye duka akija.

Basi tumia mshipi mnene. Mwiba wa mgunga haujui bei ya nailoni.
Ukimaliza kuvua, pitisha mita mbili za mwisho
katikati ya midomo yako, polepole;
palipokwaruza, kata.
Miaka tisa umekata waridi za watu,
mkono wako unajua kukata bila kuona uchungu.
Ndoana inoe mpaka ing'ang'anie ukucha wa dole gumba.
Chambo cha plastiki chukua chekundu chenye madoa,
kinachofanana na kamba wa humu humu;
kile cha buluu kinachometameta
kilitengenezwa kumvua mvuvi.
Rili ifungue Jumapili, ipanguse mchanga,
tone la mafuta ya cherehani. Tone.

Saa saba mchana, maji yakianza kukunja uso, geuza.
Ukiona mapovu yanakuja kwa mstari, huyo si samaki.
Geuza pia, na usigeuke kutazama ukubwa wake.

Utataka kubadilisha jina. Ni haki yako.
DENI LIMEISHA niliandika siku ya marejesho ya mwisho ya chama,
kwa rangi iliyobaki ya mlango wa jikoni,
na wiki iliyofuata nikakopa tena kununua injini.
Ile A ya mwisho iliyopinda
niliiandika nikicheka peke yangu, mkono ukicheza.
Ukiweza, iache. Usipoweza, piga msasa vizuri,
usipake rangi mpya juu ya vumbi.

La mwisho lilipaswa kuwa la kwanza.
Nyuma, chini ya injini, kuna tundu la kutolea maji.
Kizibo chake ni cha shaba. Kila jioni
nilikichomoa boti ikojoe, nikakitia mfukoni
nisije nikakisahau.
Sijakisahau. Nimekikuta leo nikifua koti,
na tangu asubuhi kiko kiganjani, kimepata joto.

Usiishushe majini kabla hujakipata.
Nitakuletea kesho alfajiri,
au kesho kutwa.