Baridi Gani, Mombasa Hii

Jina lake baridi yabisi.
Nilicheka waliponambia:
baridi gani, Mombasa hii,
chumvi yalia ndani ya kopo;
na yabisi gani,
kanga nimeianika juzi hapa Kuze
hadi leo mbichi?

Lakini alfajiri vidole hivi
ni vya mtu mwingine, wa mbao.
Adhana yaniita,
mfereji wa udhu hautaki kufunguka.
Namwamsha Nasoro, wa darasa la tatu.
Hasemi kitu. Hufungua maji, hurudi kulala.

Nami ni mshona kofia.
Tundu ndogo kuliko punje ya ufuta,
mia kwa mia.
Ile ya bwana harusi wa Kisauni
ilifika kisogoni, ikakwama.

Mashoga walileta walichokijua:
habasoda, mafuta ya mbuni,
chupa ya kijani isiyo na jina.
Bi Nunu akaja na chuku, akaniumika.
Niliwashukuru wote, na magoti yakavimba,
yote mawili;
maradhi haya yana haki ya wake wenza,
yakilala kulia, kesho yalala kushoto.

Makadara. Foleni, namba sitini na tatu.
Daktari Mwachiti alinibonyeza kifundo baada ya kifundo
kama mnunuzi wa nyanya Marikiti.
Akasema: ni askari wako mwenyewe, Barke,
wanavunja nyumba waliyopewa wailinde.
Hatuwafukuzi. Tutawatuliza.

Vidonge sita, Jumatano.
Jumatano tu.
"Ukivila kila siku vitakuua,"
akaliandika jina la siku kwa herufi kubwa,
akalipigia mistari miwili, karatasi ikatoboka.
Alhamisi ni kichefuchefu na tangawizi.
Ijumaa kidonge cha manjano, kidogo,
kama mtu aliyetumwa kuomba radhi.
Na kila mwezi natoa damu, walitazame ini.

Mwezi wa kwanza, hakuna.
Mwezi wa pili nilitaka kuvitupa chooni.
Wiki ya kumi na moja
sikuona muujiza.
Niliona maji yanatoka
na Nasoro bado kalala.

Sasa nashona tundu kumi, naweka sindano,
nachovya mikono katika maji ya vuguvugu,
nakunja, nakunjua. Siku nyingine tundu tatu.
Siku nyingine naitazama tu.

Bwana harusi alioa kwa kofia ya kuazima.
Hupita mlangoni, huulizia.
Namwambia, njoo Jumatano.
Haulizi Jumatano gani.