Kitu Kimoja cha Kutazama

Hakuanguka. Watu huuliza hivyo kwanza
wakishasikia kazi aliyoifanya.
Baba alifia kitandani, mwezi wa Mei,
hospitali ya Tromsø, chumba kinachotazama maegesho,
soksi za sufu miguuni, moja imetoboka kisiginoni,
na theluji ya mwisho ikidondoka kutoka paani
tone, tone,
kama mgeni aliyekwisha kuaga ila bado yupo mlangoni.

Miaka ishirini na sita alirusha helikopta za jeshi
kutoka Bardufoss, juu ya bonde letu,
na ngazi ya mbao aliiogopa.
Mama ndiye aliyepanda kukwangua paa.
Yeye alisimama chini, kaishika kwa mikono miwili,
"Polepole, Solbjørg, polepole,"
rubani mzima, uso umempauka.

Sisi hatukuhitaji saa.
Kabla sikio halijasikia, kifua kilijua:
mtetemo unapanda kutoka sakafuni,
vikombe vya bibi vinagongana kabatini,
na Eivind, mdogo wangu, anaacha uji
anakimbilia dirishani na kijiko mkononi.
Majira yale jua halichomozi miezi miwili;
nyota yetu ilikuwa na mapanga.
Akipita juu ya misonobari alizima taa, akaiwasha,
mara moja tu.
Sheria hazikuruhusu hata hiyo moja.

Siri ya kutua thelujini alinifundisha mezani,
kwa chumvi na kifuniko cha themosi:
"Ukikaribia chini, mapanga huiinua theluji yote
ikakufunika. Juu kweupe, chini kweupe,
hujui kama unashuka au umelala ubavu.
Basi kabla ya hapo, chagua kitu kimoja.
Jiwe. Kijiti. Mfuko aliotupa askari.
Kitazame. Usikiachie jicho hata ukiitwa jina.
Kikikaa mahali pake, nawe upo mahali pako."
Kisha akaikusanya chumvi kwa kiganja
akainyunyiza kwenye viazi, tukala.

Jambo moja hakutusimulia.
Alituhesabu.
Tukiingia garini: mmoja, wawili, watatu.
Tukitoka dukani: mmoja, wawili, watatu.
Usiku alisukuma mlango, nami nikajifanya nimelala,
nikamsikia akihesabu tena kwa kunong'ona,
akimjumlisha na mbwa.
Nilidhani kila baba huhesabu.

Siku ya mazishi, penye makoti, akanijia mzee Asbjørn,
fundi aliyeruka naye, kofia mkononi.
"Mwaka wa lile poromoko," akasema,
"tulitumwa kuwachukua sita. Tulirudi na watano.
Wingu lilishuka, mafuta yakawa ya kurudia tu.
Baba yako aligeuza. Ilimpasa ageuze."
Akalirudia hilo la mwisho, ilimpasa ageuze,
akavaa kofia, akatoka bila kunywa kahawa.

Mmoja, wawili, watatu.
Kumbe sisi tulikuwa tumetimia siku zote.
Hesabu iliyopungua haikuwa yetu.

Sasa ni Januari. Helikopta za siku hizi
zina mlio mwingine, mwembamba zaidi,
lakini vikombe bado vinagongana kabatini.
Vikombe havijaambiwa.
Nami husimama katikati ya jikoni, kitambaa mkononi,
kila upande kweupe,
nisijue kama nashuka au nimelala ubavu.

Nishani imo sandukuni. Picha yenye sare anayo Eivind.
Mimi nilichukua soksi.
Mama alitaka kuishona, nikamkatalia kwa ukali
ambao bado unanionea haya.
Tundu dogo, ukubwa wa sarafu,
ambalo kisigino chake kilichungulia
asubuhi ile, bado kina joto, nikakifunika.

Nalitazama.
Eivind ananiita kutoka uani, anataka koleo la theluji.
Ameniita mara ya pili.
Sijageuka.