Kucha za Ilarion

Tulikuja tisa kutoka Londrina,
fulana za rangi moja, aya mgongoni,
brashi mpya zingali ndani ya karatasi zake
na nyimbo tulizozikariri kwa lugha tusiyoijua.
Ndege tatu, basi moja, kisha tope la Moldova
likatuvua viatu kabla hatujasema Bwana asifiwe.

Bi Agripina, mshika funguo wa nyumba ile ya wazee,
hakutuuliza majina.
Alitupeleka koridoni, akatuonyesha ukuta
kama mtu anayemwonyesha daktari mpya
mgonjwa wa siku zote.

Tukakwangua.
Chini ya rangi nyeupe, njano.
Chini ya njano, kijani cha mwaka juzi,
na chini ya kijani, alama ya kiganja,
tarehe, na mwandiko wa mtu mwenye haraka:
tulikuwa hapa.
Edivan akacheka. Mimi kikwangulio kilinigandia mkononi.
"Ukuta huu," akasema Bi Agripina,
na mkalimani akasita kidogo kabla ya kutafsiri,
"umehudumiwa kuliko walio nyuma yake."

Alasiri ile niliiacha brashi kwenye kopo.
Haukuwa ujasiri; harufu ya rangi ilinichefua tu.
Chumba cha mwisho, Ilarion ameketi kitandani,
mguu mmoja una soksi, wa pili hauna,
kwa kuwa kucha zimejikunja kama pembe za kondoo
na soksi haipiti.
Wanawe wawili wako Italia,
wanaogesha wazee wa watu.

Nikaleta beseni, maji ya vuguvugu,
mkasi wa jikoni, maana hapakuwa na mwingine.
Akasema *unghie*. Nikasema *unha*.
Tukatazamana kama ndugu wa baba mmoja
waliopoteana sokoni.
Akagusa maji: *apă*.
*Água*, nikasema, na mkalimani akaenda zake kuvuta sigara.
Nilikata polepole. Kila kucha iliruka, ikagonga kabati,
naye akahesabu kwa sauti kila mgongo wake,
moja, mbili, hadi tisa.
Ya kumi hakuihesabu.
Alikishika kichwa changu kwa mkono unaotetemeka,
na hadi leo sijui kama alinibariki
au alijishikilia asianguke.

Siku zilizobaki tulimenya jozi uani, mimi na yeye,
maganda mabichi yenye weusi
usiosikia sabuni, wala ndimu, wala maombi.
Ukuta ukaisha bila mimi.
Buluu, safari hii.

Siku ya kuagana mchungaji Ozeias akasema
tutarudi, Mungu akipenda.
Ilarion akangoja tafsiri imfikie, akapangusa ndevu:
"Mungu hupenda kila mwaka.
Ninyi ndio hamrudi."

Nyumbani waliwasha projekta.
Ukuta wa buluu ukajaa upana wa kanisa,
watu wakapiga makofi, mtu nyuma akalia kwa furaha.
Nilikaa safu ya mbele, mikono chini ya Biblia,
vidole vyeusi bado,
nikipiga hesabu ambayo hakuna aliyeniomba:
ukucha wa mguu hukua taratibu, upana wa uzi kwa mwezi,
labda uzi na nusu.
Septemba, Oktoba, theluji, Kwaresima.
Pasaka ikifika
soksi haitapita tena.