Mpango Ubaoni

Karatasi hatukuwa nayo, Nafuna,
tukaandika juu ya ubao wa mkaratusi
kwa penseli ya sikioni mwangu:
Ijumaa jioni, basi kutoka Mumias.
Jumamosi saa nane, Mombasa.
Jumapili alfajiri, kugeuza.

Ukapiga hesabu: mji wenyewe, saa kumi na tano,
saba kati yake tumelala.
"Basi tusilale," ukasema.

Wewe ulitaka ngome, mizinga, na bahari
uionje kama kweli ni chumvi,
maana hapa hata vumbi la barabara lina sukari.
Mimi nilitaka milango ya Mji wa Kale,
nipitishe kidole ndani ya nakshi
nijue patasi ile ilishikwa kwa mkono gani,
wa kulia au wa shoto.

Nauli mara mbili. Chumba. Samaki, tukijaliwa.
Jumla ukaipigia mistari miwili.

Jumanne akaja Osundwa na haraka zake:
mgeni yuko njiani, kitanda hakina chaga.
Nikakata, nikapigilia,
wala sikuugeuza ubao kuutazama.

Sasa mgeni wa Osundwa analalia Mombasa.
Nasi, kwa malipo yake, tuna nauli ya mtu mmoja
na nusu.
Lete ubao mwingine.